KUFUKUZWA BILA KUSIKILIZWA

Ndugu wafanyakazi, akishukiwa rushwa mtu aweza kufukuzwa papo hapo? Tazameni kesi ya Charles Ridge, mkuu wa polisi wa Brighton, Uingereza. Machi 1958 aliachiliwa kwa shitaka la rushwa, maana waliomshitaki hawakuleta ushahidi. Lakini jaji aliulaumu uongozi wake. Kesho yake kamati iliyomwajiri ilimfukuza bila kumwita, na pensheni ikapotea.

Akaenda mahakamani, akashindwa mara mbili. Mwaka 1963 Baraza la Malodi, mahakama ya juu wakati ule, likasema kufukuzwa kule ni bure: hakuelezwa makosa wala hakujitetea. Halikusema ni mtu safi, na hapo wengi hukosea! Kazi yenyewe hakuidai tena. Alitaka pensheni yake.