BUNDUKI YA NANI, NA KWA MSHAHARA GANI?

Ndugu wafanyakazi, tarehe 2 Mei 2023, siku moja tu baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi, Kanali mstaafu Charles Okello Engola alipigwa risasi nyumbani kwake Kyanja, Kampala, akafa. Alikuwa Waziri Mdogo wa Kazi katika serikali ya Uganda. Aliyempiga hakuwa jambazi bali askari aliyepewa kazi ya kumlinda, na baadaye askari huyo alijiua. Watu wa mtaa ule walieleza kwamba walimsikia akipiga kelele kuwa hajalipwa mshahara. Deni la mshahara halimpi mtu ruhusa ya kuua. Lakini sisi tunaoishi kwa mshahara tuliisikia habari ile kwa namna yetu.

Siku kumi baadaye polisi mmoja alimuua kwa risasi mkopeshaji fedha mjini Kampala. Wakubwa wa polisi walisema mtu huyo alikwisha katazwa kushika silaha kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na kwamba bunduki ile ilikuwa ya mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja. Basi katazo lilikuwa ndani ya faili, na bunduki ilikuwa chumbani.

Tangu hapo mabishano yamekuwa mengi. Wengine wanataka raia waruhusiwe kwa urahisi kununua silaha za kujilinda, na wengine wanataka silaha zote zikusanywe. Tukumbuke kwamba katiba ya Uganda haitoi haki ya kumiliki bunduki kama ile inayodaiwa na Wamarekani kwa katiba yao tangu mwaka 1791. Kwetu ni ruhusa tu. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, na Kenya nayo inamtaka mwombaji aonyeshe sababu ya kutosha. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, sababu ya tajiri husikika upesi kuliko ya maskini. Mwenye duka la jumla hupata bastola, na mama anayetoka zamu ya usiku kiwandani hupita njia ya giza na tochi yake.

Tena sheria za kuzuia silaha hazikuanza kwa ajili ya kutulinda sisi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, yakapatana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Yalisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Wakati huo huo majeshi yao yalikuwa yakiingia na bunduki hizo hizo kutwaa ardhi, na juu ya ardhi hiyo yakaja mashamba makubwa ambayo wengi wetu tunayafanyia kazi hata leo. Kwa hiyo mzee akisita kutoa gobori lake, tusimcheke.

Mfano mkubwa zaidi ni Karamoja. Amin alipoanguka mwaka 1979, wananchi wa huko walichukua bunduki nyingi zilizoachwa katika kambi ya jeshi ya Moroto. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi, na watoto wengi wakabaki yatima. Mwezi wa Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha, na watu wakatoa maelfu. Lakini mwaka 2002 askari wengi waliondolewa kwenda kupigana na Kony. Waliotii wakabaki mikono mitupu, na jirani ambaye hakutoa bunduki yake akaja kuwanyang'anya ng'ombe. Haishangazi kwamba watu walitafuta bunduki upya. Mwaka 2006 jeshi lilirudi na safari hii lilizingira vijiji, na watu wengi walilalamika kupigwa na kuwekwa kizuizini. Mwezi wa Julai 2021 operesheni nyingine ikaanza, ikaitwa kwa Kiswahili Usalama kwa Wote. Jina ni zuri. Tatizo la mwaka 2002 lilikuwa hilo hasa, kwamba usalama haukuwa kwa wote kwa wakati mmoja. Anayemwambia mfugaji atoe bunduki ana wajibu wa kusimama kwenye zizi lake usiku ule.

Sasa turudi kazini kwetu. Nchini Kenya mlinzi wa kampuni kwa kawaida hubeba rungu. Nchini Uganda tumezoea kumwona na bunduki mlangoni mwa benki, ghala na kiwanda. Bunduki ile si mali yake. Ni ya kampuni, na kampuni ndiyo iliyopewa kibali chini ya kanuni za mwaka 2013. Lakini ikifyatuka, anayekamatwa kwanza ni yeye. Huyu ni mfanyakazi kama mkata miwa, mara nyingi hana chama, na kima cha chini cha mshahara kilipangwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo hazinunui chakula cha siku mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kubadili jambo hilo, Rais akakataa kutia sahihi.

Sisi tunaunga mkono masharti makali ya silaha. Lakini masharti hayo yamfuate mwenye kibali mpaka kwenye daftari lake la mishahara. Kampuni inayochelewesha mshahara wa mtu aliyeshika bunduki inahatarisha kila anayepita lango lile, na inafaa kunyang'anywa kibali.

Matawi yanayojiandaa kwa majadiliano na waajiri mwaka huu yaulize mambo haya: bunduki za walinzi wa hapa hulala wapi, na nani ana ufunguo, mlinzi hufanya saa ngapi mfululizo, alifundishwa siku ngapi kabla ya kupewa risasi, amelipwa lini mara ya mwisho, na akiumia, fidia yake hulipwa na kampuni ya ulinzi au na mwenye kiwanda. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ibaki tawini.