Ua Linalolala Kiangazi

Ukiingia bustanini kwangu hapa Dodoma mwezi Julai, utaona kando ya ukuta vijiti vimechomekwa kwenye udongo mkavu, mtupu. Wageni huniuliza mbona pale hapajapandwa kitu. Pamepandwa. Chini yake vimelala viazi vya gloriosa, na vijiti nimeviweka ili jembe la mtu yeyote, langu likiwamo, lisipite hapo.

Gloriosa superba ni ua la kwetu. Huota lenyewe vichakani, kwenye mapori ya miombo na hata kwenye mchanga wa pwani, tangu Afrika hadi India na nchi za mbele yake. Wazimbabwe wamelifanya ua lao la taifa. Sisi tunalipita njiani, kisha tunakwenda kununua waridi linalodai ndoo ya maji kila jioni, katika mji ambao mvua zikikatika Aprili hazirudi mpaka karibu na Krismasi. Jambo hilo linaniuma.

Uzuri wake hauna mfano hapa kwetu. Ua lina ndimi sita nyembamba, zenye kingo za mawimbi, zilizopinda kurudi nyuma kama moto unaopepewa. Likichanua huwa na ukijani kidogo, kisha njano na nyekundu hugawana, na kabla ya kunyauka huwa jekundu lote. Shina ni dhaifu, lakini ncha ya kila jani hurefuka ikawa kikono kinachojizungusha kwenye chochote kilicho karibu. Upe mmea fito au wavu wa uzio, utapanda wenyewe.

Siri yake ya kuvumilia ukame iko ardhini. Mvua zikinyesha, mmea hutumia akiba ya kiazi cha mwaka jana na kutengeneza kipya. Cha zamani hunywea kikaisha. Mvua zikikoma, majani hugeuka manjano na shina hukauka. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani unakufa, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni. Nilipofukua, nilikuta kiazi kimeoza. Siku hizi nikiona njano ya kwanza, naacha maji kabisa.

Panda Novemba, kabla ya mvua, kwenye udongo usiotuamisha maji. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Kiazi kilaze ubavu, kina cha sentimita 5 hadi 10, na ukishike kwa uangalifu mno: jicho lake liko kwenye ncha, na ncha hukatika upesi. Ikishakatika, usitarajie chipukizi hapo.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mmea wote una sumu iitwayo kolkisini, hasa kiazi. Ni kemikali ileile ambayo madaktari huitumia kutibu jongo kwa vipimo vidogo sana, na kipimo kikizidi huua. Sri Lanka wapo waliokufa baada ya kukipika wakidhani ni kiazi cha kula. Kwa hiyo usikipande karibu na tuta la viazi vitamu wala magimbi, vaa glavu unapokigusa, na uzio uwe imara kwa ajili ya watoto na mbuzi.

Tena usiende kuking'oa porini. Huko India uchimbaji wa viazi kwa ajili ya dawa umepunguza sana mimea ya mwituni. Tumia mbegu: tunda likikauka hupasuka na kuonyesha punje nyekundu. Huchelewa kuota, na maua huweza kusubiri hadi mwaka wa tatu au wa nne.

Mbegu zangu nilizifukia misimu miwili iliyopita. Msimu huu kila mche ulitoa majani machache tu, kisha kiangazi kikaifunika yote. Ndiyo sababu vijiti vimeongezeka pale ukutani.