Fahamu: Gari lina kasoro ya kiwandani na dhamana imeisha, ufanye nini?

Magari mengi yanayoegeshwa mitaa ya Nairobi kama Buruburu, Umoja na Donholm yalitumika kwanza Japani. Dhamana ya kiwandani iliisha kabla hayajashuka Mombasa, lakini kuisha kwake hakufuti kasoro ya mtengenezaji.

Tazama mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali yake, amoniamu nitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Gari likigonga, kopo la chuma linalojaza mfuko laweza kupasuka na kumrushia dereva vipande usoni. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru ziliagiza magari yarudishwe yatengenezwe kwa gharama yao, hata yale ambayo dhamana yake ilikuwa imeisha. Takata yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017.

Ili kujua kama gari lako limo kwenye orodha ya yanayorudishwa, anza na nambari ya chasi iliyo kwenye logibuku. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani, kisha mwandikie wakala wake hapa Nairobi. Andika, kwa sababu maneno ya simu hukanwa. Na tafadhali, fundi asikuzimie taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi ili gari lionekane zima. Hilo ni kuchezea maisha ya watu.

Giaboksi ikifa na mtengenezaji hajakiri kasoro, kazi ni ngumu zaidi. Hata hivyo, Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Mwenye yadi aliyekuuzia gari akikataa kukufidia, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Beba mkataba wa mauzo na ripoti ya fundi iliyotiwa sahihi.