Ukianza na Randy Weston, shika santuri hii kwanza

Je, msomaji, umewahi kutaka kuujua muziki wa jazi ukaishia njiani kwa kuwa mpigaji mmoja ana santuri chungu nzima na hujui ushike ipi?

Swali hilo niliulizwa Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, na barobaro mmoja wa Kongo anayepiga kinanda kanisani huko kambini. Mwalimu wake alikuwa amemtajia Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, New York, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2018. Simu ya kijana ilikuwa na nafasi ya santuri moja tu, na bando lenyewe ni la kuhesabu. Ukimshauri vibaya, umemtia hasara.

Jibu la haraka ni "Uhuru Afrika". Weston aliirekodi New York mnamo Novemba 1960, wakati Jomo Kenyatta angali amezuiliwa papo hapo Lodwar. Hakuhamishiwa Maralal hadi Aprili 1961. Mwaka huo wa 1960 nchi 17 za Afrika zilijinyakulia uhuru, Kongo na Somalia zikiwemo, na Weston alitaka kuzishangilia kwa bendi kubwa. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, kisha Mtanganyika Tuntemeke Sanga akayatamka kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili, tena Tanganyika yenyewe ingali chini ya Mwingereza! Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964.

Kijana aliposikia habari hizo macho yalimtoka, akataka hiyo hiyo. Nikamzuia. Kumradhi kwa wanaoienzi, lakini ngoma, tarumbeta na waimbaji wamejaa mle hata piano mara nyingi inamezwa. Wewe unayetaka kujifunza vidole vya Weston utamtafuta kama sindano mchangani. Iwe ya pili.

Ya kwanza, kwa maoni yangu, ni "Little Niles" ya mwaka 1958. Bendi ni ndogo, nyimbo ni fupi, na zote zimejengwa kwa mapigo matatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Ule wenye jina la santuri ni wa mwanawe Niles. Bintiye Pamela naye ana wake. Mpangaji wa ala ni Melba Liston, mwanamke aliyepuliza tromboni enzi ambazo wanaume hawakutaka kumwona jukwaani, na ndiye aliyeipanga pia "Uhuru Afrika". Sikiliza mkono wa kushoto. Weston alikuwa pande la mtu, mrefu kupita futi sita na nusu, na sauti za chini za piano alizigonga kama mtu apigaye ngoma. Halafu ananyamaza, anakuacha ukingoje kinachofuata. Mtindo huo wa kunyamaza aliupata kwa Thelonious Monk, aliyekuwa akimtembelea nyumbani kwake.

Ukishaizoea, tafuta "Blues to Africa" ya 1974, ambamo yuko peke yake na piano, hana pa kujificha. "Blue Moses" ya 1972 iliuzika sana, lakini humo alipigishwa piano ya umeme, jambo ambalo mwenyewe hakulifurahia. Iache kwanza. Na "The Spirits of Our Ancestors", aliyoirekodi 1991 pamoja na wakongwe kama Dizzy Gillespie na Pharoah Sanders, ni ndefu. Hiyo ni ya likizo, si ya bando dogo. Humo utasikia mtu aliyekaa Tangier, Morocco, miaka kadhaa na kuyaacha masikio yake wazi.

Wazazi wenye watoto wanaojifunza kinanda nawaambia vivyo hivyo: anzeni na zile nyimbo za Niles na Pamela. Mtoto atahesabu mwenyewe.

Barobaro wangu aliishusha santuri usiku, wakati bando ni nafuu. Jumapili ya pili akathubutu kuyachomeka mapigo matatu katikati ya pambio moja la haraka. Akina mama wa kwaya walikoroga makofi, mwenye ngoma akasimama, na kiongozi akamgeukia kwa jicho kali. Aliponihadithia kwa simu alikuwa akicheka. Nikamuuliza kama amekoma. Akasema la, ila safari hii ataanza na pambio la polepole.