Vidonda vya tumbo: nafuu siyo kupona

Katika nyumba nyingi yumo mtu asiyekosa vidonge vya kutafuna vya kuzima kiungulia. Akivitafuna hupata nafuu; usiku wa manane maumivu ya chembe cha moyo humrudia, na jamaa humsihi apunguze pilipili na mawazo. Miaka hupita hivyo.

Pilipili huweza kumuudhi, lakini siyo iliyomtia kidonda. Tumbo hutoa tindikali ya kusagia chakula, nalo hujikinga nayo kwa utando wa ute. Kinga hiyo ikidhoofika, tindikali hula nyama ya tumbo lenyewe au ya mwanzo wa utumbo mwembamba. Wenye kuidhoofisha zaidi ni wawili: bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zile ambazo wazee wetu humeza kila siku kwa ajili ya magoti.

Madaktari wenyewe walichelewa kusadiki habari ya bakteria. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia aliwanywa kwa makusudi, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Kwa hiyo anayekutwa na bakteria hao, kwa kipimo cha choo au cha pumzi, hupewa dawa ya kupunguza tindikali, mathalani omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, aghalabu kwa siku 14. Wengi huacha siku ya tano kwa kuwa maumivu yametulia. Bakteria waliosalia huweza kuwa sugu, na dawa ile ile isifae tena. Naye anywaye aspirini ya moyo asiiache kwa hiari yake, amuulize daktari.

Kidonda kilichopuuzwa huweza kukata mshipa wa damu: choo kikawa cheusi na chenye kunata kama lami, au mgonjwa akatapika damu. Huweza pia kutoboa tumbo, likakakamaa kama ubao kwa maumivu ya ghafla. Hapo ni hospitali usiku huo huo, siyo maziwa.

Na funga je? Mwenye kidonda kibichi, au aliyetoka damu karibuni, amwone daktari kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Surat al-Baqara, aya ya 185. Aliyekwisha kupona huweza kupangiwa dawa zake wakati wa futari na daku.