Kisogo Bapa cha Mtoto Mchanga

Msicheke kuona mwanafunzi wa bweni akiandika habari za vichwa vya watoto wachanga. Jambo hili huwatia mama wengi mashaka, na mashaka hayo yaweza kumtia mtoto katika hatari iliyo kubwa kuliko hicho kisogo.

Likizo iliyopita, kwetu Mkonze, shemeji yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitatu ambaye kisogo chake kimelala upande wa kulia, mfano wa kibuyu kilichokulia chini ardhini. Jirani mmoja alimwambia kwamba mtoto wa kichwa hicho hatashika masomo. Mwingine akamshauri amlaze kifudifudi usiku kucha mpaka kisogo kijae. Shemeji akaniuliza mimi, kwa kuwa nasoma Baiolojia. Niliporudi shuleni nilitafuta habari hizo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kadha vilivyoungwa kwa utando, na ndiyo sababu twauona utosi ukipwita. Vipande hivyo husogeleana wakati wa kuzaliwa ili mtoto apate kupita, na baadaye huupa ubongo nafasi ya kukua. Kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi siku ya kuzaliwa hufika 46 hivi mtoto atimizapo mwaka. Utosi mara nyingi hufunga katika mwaka wa pili. Basi kitu laini, tena kinachokua upesi hivyo, kikilala mahali pamoja kila siku hubonyea. Mama analima, naye mtoto yu mkekani chini ya mti asubuhi nzima, uso ameuelekeza kule mama aliko. Siku zikipita, upande mmoja hulala. Ubongo haukukosa nafasi. Umekua kwa upande mwingine.

Na umbo la kichwa silo akili. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki ya Kongo zamani waliwafunga watoto wao kamba vichwani makusudi, ili vichwa virefuke. Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme wao mwaka 1870 aliyastaajabia majumba yao na kazi zao za mikono.

Ushauri wa yule jirani wa pili ndio ulionitisha. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliwashauri wazazi wasiwalaze watoto wachanga kifudifudi, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa kadiri ya nusu. Visogo bapa viliongezeka, ni kweli, lakini hakuna aliyezikwa kwa kisogo bapa. Kwa hiyo usingizini mtoto alale chali, wala asiwekewe mto wa kunyoosha kichwa, maana mto waweza kumziba pumzi.

Kazi ya kukisaidia kisogo hufanywa mtoto akiwa macho. Alazwe kifudifudi dakika chache, mara kadha kwa siku, mtu akimtazama. Leo alazwe kichwa upande huu wa kitanda, kesho upande ule, kwani hugeuka kufuata mwanga na sauti ya mama. Anyonyeshwe pande zote mbili. Tena abebwe, huku Ugogo mbeleko ni dawa tuliyo nayo nyumbani, kwa kuwa mtoto aliye mgongoni hakilalii kisogo. Ng'ambo wako wazazi wanaonunua kofia ngumu za kurekebisha kichwa, kwa fedha nyingi. Uholanzi walizijaribu kwa watoto 84, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliovaa hawakuwapita wasiovaa.

Lakini viko vichwa visivyofaa kungojewa: mtoto ambaye shingo yake imekaza, hageuki ila upande mmoja; aliyezaliwa na kichwa kilichopinda na hakibadiliki; mwenye tuta gumu juu ya maungio ya fuvu; ambaye utosi umefunga mapema mno, au umevimba hata akiwa ametulia; na ambaye kichwa chake chakua upesi kupita kiasi. Hao wapelekwe kwa daktari mara moja. Na siku ya kupima uzito, mama amwombe muuguzi apime na mzunguko wa kichwa. Yatosha utepe kama ule wa fundi cherehani, na kazi yenyewe haimalizi dakika moja.