Je, Wajua? Mshale Uliochomolewa Kwenye Mnyama

Je, wajua kwamba mshale hauondoki upindeni ukiwa umenyooka? Ugwe unapoachiwa, uti wa mshale hukunjika upande mmoja, ukarudi, ukakunjika upande wa pili, na kuendelea kujinyonganyonga kama samaki majini hadi manyoya ya nyuma yautulize. Wapiga upinde walilihisi jambo hilo karne na karne bila kuliona kwa macho. Miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, alilinasa kwa kamera ya kasi, ikawa wazi kwamba mshale wa upinde wa mti huupita mwili wa upinde kwa kuuzunguka.

Kinachoukunja ni nguvu ya kule kusukumwa. Upinde wa kisasa wa kuwindia, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, hurusha mshale kwa mita 90 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 320 kwa saa. Kasi yote hiyo hupatikana ndani ya nusu mita ambayo ugwe unausukuma mshale, kwa muda usiofika sehemu mbili za mia za sekunde. Mshale mzima huhimili. Wenye ufa, hata ufa usioonekana, unaweza kupasuka papo hapo, na kilicho karibu nao wakati huo ni mkono ulioshika upinde.

Kwa hiyo mwindaji anapochomoa mshale kwenye mzoga na kujiuliza kama aupige tena, anauliza swali la usalama wake mwenyewe kabla ya swali la shabaha. Jibu ni kwamba mishale mingi hurudi kazini bila tatizo, ila hakuna hata mmoja unaostahili kurudi bila kukaguliwa. Ndani ya mnyama umegonga mbavu au bega, pengine mnyama alikimbia nao akiukunja kwenye vichaka, pengine akaangukia juu yake.

Je, wajua kwamba mshale wa alumini hukiri ulivyoumia, na wa kaboni huficha? Doug Easton, fundi wa mishale wa California, alianza kutengeneza mishale ya alumini mwaka 1939. Alumini ikipigwa hupinda au kubonyea. Ukiuviringisha mshale juu ya meza utauona unarukaruka, na kidole kikipita juu yake kitahisi kibonyeo. Uti wa kaboni ni nyuzi nyembamba mno zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Nyuzi za ndani zinaweza kukatika na gundi kuachia, huku nje uti ukibaki umenyooka na kung'aa kama wa dukani. Kwa sababu hiyo watengenezaji huandika onyo kwenye mishale yenyewe kwamba ikunjwe na kukaguliwa kabla ya kupigwa.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi na ni muhimu kuujua vizuri. Futa damu na matope kwanza, maana uchafu huziba nyufa. Vaa glavu ngumu na miwani. Shika mshale karibu na chembe kwa mkono mmoja na karibu na manyoya kwa mkono wa pili, uelekeze mbali na uso, kisha ukunje taratibu mpaka katikati pafanye tao la sentimita chache. Sikiliza. Mshale mzima hukaa kimya. Ulioumia hutoa mlio mdogo wa kukwaruza au kupasuka. Uzungushe kidogo, ukunje tena, na tena, hadi umalize pande zote, kwa kuwa ufa ulio upande mmoja hausikiki ukikunjwa upande mwingine. Halafu unyonge kidogo kama unayekamua nguo. Mwisho pitisha kipande cha pamba juu ya uti wote. Kikinasa nyuzi mahali, pale pana kibanzi kilichoinuka. Kosa lolote kati ya hayo linatosha kuutupa.

Vibanzi hivyo si vya kupuuzwa. Mshale wa kaboni ukipasuka wakati wa kuachiwa, vipande vyake huingia kwenye kiganja au kidole gumba cha mkono ulioshika upinde, na daktari huhangaika kuvitoa kimoja kimoja. Ni jeraha linalojulikana sana miongoni mwa wapiga upinde, na hutokea kwa mshale mmoja tu ambao mtu aliuonea huruma kwa sababu ya bei yake.

Kuna kipande kidogo zaidi ambacho wengi hawakitazami: kijino cha plastiki cha nyuma, kinachopachikwa kwenye ugwe. Mshale mwingine ukija nyuma na kukigonga kikapata ufa, kinaweza kuvunjika ugwe unapoanza kusukuma. Hapo ugwe unakimbia mtupu. Nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale inarudi kwenye mikono ya upinde, na upinde wa thamani kubwa unaweza kupasuka mbele ya uso wa mwenye nao. Mshale mwepesi kupita kiasi huleta madhara yanayokaribia hayo. Kwa kipimo kinachofuatwa sana, upinde wenye uzito wa kuvuta wa ratili 70 usipewe mshale wenye gramu chini ya 22.7 hivi.

Kigumba cha kuwindia nacho kina masharti yake. Kikishapita kwenye mfupa huwa kimepoteza makali au kipande cha ncha. Mwindaji akikirudisha hivyo hivyo, mnyama wa pili ataumizwa bila kufa upesi, na hilo ni kosa kubwa katika uwindaji. Kinolewe au kibadilishwe wembe, na kifungwe kwa spana yake ndogo, si kwa vidole vitupu. Damu iliyogandia juu yake ioshwe mikono ikiwa na glavu. Damu ya mnyama wa porini inaweza kubeba kimeta au brusela, na kigumba kinaujua vizuri mlango wa kuingilia mwilini.

Je, wajua kwamba nyama nayo hukaguliwa? Mshale wa kaboni ukivunjika ndani ya mnyama, nyuzi zake husambaa kwenye nyama na ni hatari kuzila. Mwindaji anatakiwa atafute vipande vyote, kisha akate na kutupa nyama yote iliyozunguka jeraha.

Sasa linganisha na Afrika Mashariki. Wawindaji wetu wa mishale ya sumu walikata nyama iliyozunguka jeraha zamani sana, kaboni ikiwa haijaotwa hata ndotoni. Sumu ya mti wa mchungu, iliyochemshwa hadi ikawa nzito na nyeusi, husimamisha moyo inapoingia kwenye damu. Tumboni hufyonzwa kidogo sana, hivyo nyama iliyobaki ililiwa, ila pale mshale ulipoingia palikatwa.

Ufundi wao katika kutumia mshale tena unanistaajabisha kuliko wote. Waata wa Tsavo, waliowinda tembo kwa pinde zenye uzito wa kuvuta unaozidi ratili 100, waliutengeneza mshale kwa vipande. Mbele kulikuwa na kipande kifupi chenye chuma na sumu, kilichochomekwa tu kwenye uti mrefu. Mnyama akikimbia, uti ulichomoka na kuanguka, ukaokotwa na kuvikwa kipande kingine, huku chenye sumu kikibaki kazini ndani ya mwili. Wakamba nao walikifunga kipande chenye sumu kwa ukanda mwembamba wa ngozi, uliofunguliwa karibu na wakati wa kupiga. Ngozi hiyo iliizuia sumu isikauke na iliulinda mkono wa mwenye podo. Yaani swali la kipi kiokotwe na kipi kisiguswe lilijibiwa siku mshale ulipoundwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini ujuzi huo unastahili kuandikwa na kufundishwa. Upande wa Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wangali wanawinda kwa upinde, na vyuma vya mishale yao wamekuwa wakivipata kwa wahunzi wa Kidatoga wanaovifua kutokana na misumari.

Na je, wajua kwamba sumu ya mshale iliwahi kugundulika kuwa dawa kwa ajali ya mswaki? John Kirk, daktari katika msafara wa Livingstone kwenye mto Zambezi kati ya 1858 na 1863, aliweka sampuli ya sumu ya mishale pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mkali mdomoni, na akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichambua sumu hiyo ya mmea wa strofanthasi, ikazaa strofanthini, iliyotumika Ulaya kutibu moyo. Kirk ndiye yule aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa.

Kuhifadhi mishale iliyovunjika nako ni kwa kale. Mtu wa barafu aitwaye Ötzi, aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps baada ya kulala huko miaka ipatayo 5,300, alikuwa na mishale 14 podoni. Miwili tu ndiyo iliyokamilika kwa chembe za gumegume na manyoya, na yote miwili ilikuwa imevunjika. Alibeba pia kifaa cha kunolea gumegume. Mwaka 2001 picha za eksirei zilionyesha chembe ya mshale kwenye bega lake la kushoto. Uti wake ulikuwa umeng'olewa.

Limebaki jambo moja kwa wanaonunua mishale iliyotumika au kuifupisha iliyovunjika mbele. Mshale ukikatwa huwa mgumu zaidi kukunjika na mwepesi zaidi, kwa hiyo huenda usiufae tena upinde uleule. Ukiwa mfupi mno ni balaa: mpigaji akivuta hadi mwisho, ncha hurudi nyuma ya mahali inapoegemea, na ugwe ukiachiwa mshale huelekea mkononi mwake. Vumbi la kaboni linaloruka wakati wa kukata nalo halifai kuvutwa puani, hivyo funika pua na mdomo. Na mshale ulioshindwa ukaguzi usiuweke pembeni ya stoo, mtoto au mgeni akaja kuuokota. Ukiwa bado umevaa glavu na miwani, uvunje vipande viwili, uvifunge kwa karatasi nene, utupe.